Mjane kijana anayeishi peke yake Uingereza: aombe Bereavement Support Payment, Universal Credit, au vyote viwili?

Mwanamke aliyefiwa na mume akiwa na miaka ishirini na kitu au thelathini na kitu, ambaye hana mtoto na amebaki peke yake nyumbani, ndiye mjane ambaye mfumo wa mafao wa Uingereza umemfikiria kidogo kuliko wote. Tangu ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942, ambayo ndiyo iliyoweka msingi wa mfumo huo, msimamo uliotawala ni kwamba mjane asiye na watoto na mwenye nguvu za kufanya kazi hana sababu ya kulipwa pensheni ya maisha. Ashikwe mkono kwa muda, kisha arudi kazini. Sheria zimebadilishwa mara nyingi tangu wakati huo, lakini msimamo haujaondoka, na asiyeujua hujikuta akisubiri pensheni isiyokuwepo huku muda wa kuomba kile kilichopo ukimpita.

Kilichopo ni mafao mawili makubwa, ambayo ni Bereavement Support Payment (malipo ya aliyefiwa na mwenzi) na Universal Credit (fao la wenye kipato kidogo au wasio na kazi), pamoja na fao la tatu, New Style Jobseeker's Allowance (fao la anayetafuta kazi), ambalo huwafaa wachache. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mjane mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi Uingereza na asiye na mtoto wa kulea. Mwenye watoto nitamgusa pale tu inapobidi, kwa kuwa hesabu zake ni nyingine kabisa. Viwango ninavyotaja ni vya mwaka wa fedha wa 2025/26.

Mafao haya hutazama vitu tofauti

Bereavement Support Payment inatokana na michango ya marehemu. Haimuulizi mjane ana akiba kiasi gani benki, analipwa mshahara kiasi gani, wala kama anafanya kazi. Inataka mambo manne: awe alikuwa mke halali wa marehemu, awe hajafikia umri wa pensheni ya serikali, makazi yake ya kawaida yawe yalikuwa Uingereza, au katika nchi chache zilizoorodheshwa, siku mume alipofariki, na mume awe amelipa National Insurance, yaani michango ya bima ya taifa, ya daraja la kwanza (walioajiriwa) au la pili (waliojiajiri) kwa angalau wiki 25 katika mwaka mmoja wowote wa kodi tangu tarehe 6 Aprili 1975. Wiki 25 si nyingi. Mume aliyefanya kazi ya kutunza wazee au ya ghalani kwa miezi saba ndani ya mwaka mmoja wa kodi, akikatwa michango yake kama kawaida, kwa kawaida ametimiza sharti hilo hata kama baadaye alikaa muda mrefu bila kazi. Na ikiwa amefariki kwa ajali ya kazini au kwa ugonjwa uliosababishwa na kazi, sharti la michango halitazamwi kabisa.

Universal Credit iko kinyume chake. Haijali marehemu alichangia nini. Inatazama hali ya mwombaji mwenyewe, mwezi kwa mwezi: mshahara, akiba, kodi ya nyumba, na haki yake ya ukaazi. Mwenye akiba iliyozidi pauni 16,000 hapati kitu. Kati ya pauni 6,000 na 16,000 hukatwa pauni 4.35 kwa mwezi kwa kila pauni 250 zilizozidi, au sehemu ya pauni 250. Chini ya pauni 6,000 akiba haiguswi.

Kwa fedha taslimu, mjane asiye na mtoto hulipwa Bereavement Support Payment ya kiwango cha chini, yaani pauni 2,500 kwa mkupuo, kisha pauni 100 kila mwezi kwa miezi 18, ambayo kwa jumla ni pauni 4,300. Mwenye haki ya kulipwa Child Benefit, yaani fao la kulea mtoto, au aliyekuwa mjamzito mume alipofariki, hupata pauni 3,500 na pauni 350 kwa mwezi, jumla pauni 9,800. Viwango hivi vimebaki vilevile tangu fao lilipoanza tarehe 6 Aprili 2017, ingawa bei za vitu zimepanda sana tangu mwaka huo, na kwa maoni yangu hili ni jambo la kulalamikia kwa wabunge bila kuchoka. Pamoja na hayo, haki inataka isemwe kwamba mjane kijana asiye na mtoto hakupata hasara kwa mabadiliko ya 2017. Kabla ya hapo, aliyefiwa akiwa chini ya miaka 45 na bila watoto alilipwa pauni 2,000 mara moja, basi. Waliopoteza ni wenye watoto, ambao zamani walilipwa kwa miaka mingi.

Universal Credit haina mkupuo. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 posho ya msingi kwa mtu mmoja mwenye miaka 25 au zaidi ilikuwa pauni 400.14 kwa mwezi, na kwa aliye chini ya miaka 25 ilikuwa pauni 316.98. Juu yake huongezwa sehemu ya kodi ya nyumba. Anayefanya kazi hukatwa senti 55 kwa kila pauni anayopata, na kwa mtu asiye na mtoto wala ulemavu au ugonjwa unaomzuia kufanya kazi, makato hayo huanzia pauni ya kwanza kabisa.

Si lazima kuchagua moja

Wajane wengi huogopa kwamba wakiomba Bereavement Support Payment, Universal Credit itapunguzwa. Hofu hiyo haina msingi. Malipo hayo ya ujane hayahesabiwi kuwa kipato kwenye Universal Credit, hayakatwi kodi, hayaingizwi kwenye ukomo wa jumla wa mafao, na ule mkupuo wa pauni 2,500 hauhesabiwi kuwa akiba kwa miezi 12 tangu ulipopokelewa. Vilevile hayasimami mjane akiolewa tena au akianza kuishi na mwenzi mwingine kabla ya miezi 18 kwisha.

Tuchukue mjane mwenye miaka 29 anayebakiwa na mshahara wa pauni 900 kwa mwezi baada ya makato, na tuseme kiwango cha msaada wa kodi ya nyumba katika eneo lake ni pauni 450. Kwa viwango vya 2025/26, posho ya msingi na kodi ya nyumba ni pauni 850.14. Ukitoa asilimia 55 ya mshahara, ambayo ni pauni 495, Universal Credit yake inakuwa pauni 355.14. Zile pauni 100 za ujane zinakaa juu ya hesabu hiyo zikiwa kamili, pamoja na mshahara wenyewe. Kwa hiyo anayetimiza masharti ya yote mawili aombe yote mawili. Uchaguzi halisi uko kwenye nani hasa anatimiza masharti, na kipi kiombwe lini.

Kuhusu muda, Bereavement Support Payment haisubiri mtu. Maombi yakifika ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kifo, mjane hupata kila kitu. Akichelewa zaidi ya hapo, malipo ya kila mwezi hurudishwa nyuma kwa miezi mitatu tu, na miezi iliyotangulia imepotea. Mkupuo huombwa ndani ya miezi 12. Baada ya miezi 21 hakuna kinacholipwa. Ninaposema aombe mapema sina maana asubiri arobaini ipite na wageni waondoke. Fomu huombwa kwa simu au hujazwa kwenye tovuti ya GOV.UK, na ndugu anayeaminika anaweza kukaa pembeni yake akimsaidia kusoma maswali.

Kuna jambo jingine la wakati kwa wale waliokuwa tayari wakipokea Universal Credit pamoja na mume. Malipo yao huendelea kana kwamba marehemu yu hai kwa kipindi cha malipo ambacho kifo kimetokea na vipindi viwili vinavyofuata. Ni takriban miezi mitatu ya nafuu, na katika miezi sita ya kwanza baada ya kifo mjane halazimishwi kutafuta kazi. Lakini nafuu hiyo huanza kuhesabika hata kama mjane hajui kwamba ipo, na mwisho wake hukutana na suala la nyumba ambalo nitalieleza hapa chini.

Swali la ndoa

Hapa ndipo wajane wetu wengi wanapokwama. Mhudumu wa simu huuliza kwa sauti ya upole kabisa: je, mlikuwa mmeoana kisheria? Mjane hujibu ndiyo kwa moyo mmoja, kwa sababu alifungishwa nikah mbele ya walii na mashahidi, mahari yakatajwa, na jamaa wote wakala pilau. Kisha huulizwa ndoa ilifungwa wapi na kusajiliwa wapi, na majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua.

Nikah iliyofungwa Unguja, Mombasa, Tanga au Dar es Salaam kwa kufuata sheria za huko ni ndoa inayotambuliwa Uingereza kwa kawaida, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 na ile ya Kenya ya mwaka 2014 zote zinatambua ndoa za Kiislamu, na Zanzibar nayo inazitambua kwa sheria zake yenyewe. Mjane wa namna hiyo atafute cheti chake, kitafsiriwe ikiwa kimeandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu, na asikubali kuambiwa kirahisi kwamba hakitoshi. Nikah iliyofungwa sebuleni Uingereza, au katika msikiti usiosajiliwa kwa ajili ya ndoa, bila kufuatwa na ndoa ya serikali, ni habari nyingine. Mahakama ya Rufaa ya England na Wales ilisema mwezi Februari 2020 kwamba sherehe ya namna hiyo haitengenezi ndoa mbele ya sheria. Mjane wake ni mjane kwa Mwenyezi Mungu na kwa jamii, lakini kwenye fomu anahesabiwa kuwa mtu aliyeishi tu na marehemu.

Zamani waliohesabiwa hivyo hawakupata chochote. Siobhan McLaughlin wa Ireland ya Kaskazini, aliyeishi na mwenzi wake kwa miaka mingi na kuzaa naye watoto wanne, alilipinga hilo hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2018 akashinda. Tangu tarehe 9 Februari 2023 wenzi walioishi pamoja bila ndoa ya kisheria wanaweza kulipwa Bereavement Support Payment, lakini wawe na mtoto anayestahili Child Benefit, au mwanamke awe alikuwa mjamzito. Mjane kijana asiye na mtoto, mwenye nikah peke yake iliyofungwa Uingereza, ameachwa nje. Kwake yeye kinachobaki ni Universal Credit au mafao yanayotokana na michango yake mwenyewe. Naomba maimamu na wazazi walisikie hili: kusajili ndoa ni kumlinda binti yenu siku msiyoitarajia.

Kinyume chake, aliyetengana na mume bila talaka ya kisheria bado ni mke, na anaweza kuomba.

Visa yenye katazo

Mjane ambaye kibali chake cha ukaazi kimeandikwa kwamba haruhusiwi kutumia fedha za umma anapaswa kufahamu tofauti moja kubwa kati ya mafao haya. Universal Credit iko kwenye orodha ya fedha za umma, na kuiomba kinyume cha masharti kunaweza kumharibia maombi yake yajayo ya ukaazi. Bereavement Support Payment haimo kwenye orodha hiyo, kwa kuwa inatokana na michango ambayo marehemu aliilipa kwa jasho lake. Nimesikitika mara nyingi kuona dada aliyeambiwa na jirani, kwa nia njema, asiguse chochote cha serikali, akaacha pauni 4,300 zilizokuwa haki yake. Kwa mjane wa aina hii Bereavement Support Payment ndiyo chaguo, na Universal Credit aiache kwanza.

Nisemapo kwanza, ni kwa sababu kuna njia. Aliyekuja kwa visa ya mke wa raia wa Uingereza au wa mtu mwenye ukaazi wa kudumu, na ambaye ndoa yake ilikuwa hai hadi siku ya kifo, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kama mwenzi aliyefiwa bila kusubiri miaka kutimia. Akishaupata, katazo la fedha za umma huondoka. Jambo hili lipelekwe kwa mwanasheria wa uhamiaji aliyeidhinishwa, wala lisimalizwe kwenye kundi la WhatsApp.

Ikiwa mjane mwenyewe amekuwa akifanya kazi na kulipa National Insurance katika miaka miwili ya kodi iliyotangulia, kisha akapoteza kazi, New Style Jobseeker's Allowance nayo haihesabiwi kuwa fedha za umma. Hulipwa kwa muda usiozidi miezi sita, na mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 92.05 kwa wiki kwa mwenye miaka 25 au zaidi, na pauni 72.90 kwa aliye chini ya hapo. Kwa anayepokea Universal Credit fao hili haliongezi kitu, kwa kuwa kila pauni yake huondolewa upande wa pili. Linamfaa mwenye visa yenye katazo, na pia mwenye akiba iliyovuka pauni 16,000, kwa sababu halitazami akiba.

Akiba hiyo mara nyingi hutokana na malipo ya kazini kwa marehemu. Tofauti na ule mkupuo wa ujane, fedha za bima ya maisha au za mfuko wa pensheni wa mwajiri huingia kwenye hesabu ya akiba mara moja. Na hapa nawatahadharisha wajane wanaoombwa na wakwe wapeleke fedha nyumbani kumalizia nyumba ya marehemu: maofisa wakiona kwamba fedha zimetolewa ili mtu astahili Universal Credit, watamhesabu kana kwamba bado anazo. Kulipa madeni halisi na gharama za mazishi ni jambo linaloeleweka, mradi risiti zihifadhiwe.

Nyumba ya chumba kimoja na mjane chini ya miaka 35

Kuishi peke yako katika nyumba ya kupanga kwa mtu binafsi kuna bei yake. Wawili walipokuwa pamoja, msaada wa kodi ya nyumba ulihesabiwa kwa nyumba yenye chumba kimoja cha kulala. Mjane aliye chini ya miaka 35 asiye na mtoto huhesabiwa, baada ya ile miezi mitatu ya nafuu, kwa kiwango cha chumba ndani ya nyumba ya kushirikiana na wengine, na ujane si miongoni mwa sababu za kumwondoa kwenye kanuni hiyo. Kanuni hiyo naiona ni ya kikatili, kwa kuwa humtaka mtu aliyefiwa aende kushiriki jiko na choo na wageni kabla machozi hayajakauka. Lakini ndiyo iliyopo, na mjane mwenye miaka 29 aiweke mezani mapema: atafute nyumba nafuu, aiombe halmashauri ya eneo lake msaada wa muda wa kodi ya nyumba, au apokee mpangaji mwenza kwa idhini ya mwenye nyumba. Aliye kwenye nyumba ya halmashauri au ya shirika la nyumba haguswi na kanuni hii, ila akibaki na chumba kimoja cha ziada msaada wake hupunguzwa kwa asilimia 14, na vyumba viwili au zaidi kwa asilimia 25.

Nafuu moja ya kuishi peke yake haihitaji ombi gumu. Mtu mzima aliye peke yake hupunguziwa asilimia 25 ya kodi ya halmashauri, yaani Council Tax, bila kujali kipato chake, na punguzo hilo si fedha za umma. Mama mzazi au wifi akija kumliwaza kwa miezi kadhaa huku makazi yake makuu yakiwa kwingine, punguzo haliondoki.

Mazishi nyumbani na eda

Mume akizikwa Tanzania au Kenya, mjane asitegemee msaada wa serikali wa gharama za mazishi. Malipo hayo hutolewa kwa wanaopokea mafao kama Universal Credit, huombwa ndani ya miezi sita baada ya mazishi, na kwa kawaida mazishi yawe yamefanyika Uingereza. Gharama za kusafirisha mwili kwenda Afrika Mashariki hazimo. Ndiyo maana michango ya jamii bado ina kazi kubwa.

Safari yenyewe nayo huyatenganisha mafao haya mawili. Kwa Bereavement Support Payment makazi hutazamwa siku ya kifo, kwa hiyo kwenda kuzika hakumvunjii mtu haki. Universal Credit humruhusu mtu kuwa nje ya nchi kwa mwezi mmoja, na mwezi wa pili huongezwa ikiwa safari inahusu kifo cha mwenzi na si busara kumtaka arudi mapema. Eda ni miezi minne na siku kumi. Mjane anayetaka kuikalia nyumbani kwao ajue kwamba Universal Credit haitalipwa kwa safari ya urefu huo, na kwamba akirudi ataomba upya na kusubiri takriban wiki tano kabla ya malipo ya kwanza. Aijulishe ofisi kupitia akaunti yake kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa malipo yaliyoingia akiwa nje bila taarifa hudaiwa baadaye. Na ombi la Bereavement Support Payment alipeleke kabla ya kuondoka, pamoja na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, namba yake ya National Insurance na ya marehemu, na namba ya akaunti ya benki iliyo kwa jina lake mwenyewe.